Faida ya Muuzaji Ndani ya Bei Unayolipa

Walaji wengi wanapolinganisha bei ya duka la jumla na ya duka la mtaani, huihesabu tofauti yote kuwa faida ya muuzaji. Hesabu hiyo si sahihi, na humfanya mlaji asitambue ni wapi hasa anapolipa zaidi.

Chukulia mfano huu. Muuzaji wa rejareja amenunua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa shilingi 125,000, sawa na shilingi 2,500 kwa kilo. Usafiri umemgharimu shilingi 5,000, yaani shilingi 100 kwa kilo. Kodi ya pango, umeme na matumizi mengine ya duka ni wastani wa shilingi 150 kwa kilo. Gharama yake kamili ni shilingi 2,750. Akiuza kilo moja kwa shilingi 3,000, faida yake ni shilingi 250, wala si 500. Hiyo ni takribani asilimia 9 ya gharama.

Kipimo kidogo, bei kubwa

Tuseme muuzaji huyohuyo anauza robo kilo kwa shilingi 850. Kwa bei ya kilo nzima, robo ingekuwa shilingi 750. Sehemu ya nyongeza hiyo hufidia kifungashio na muda wa kupima. Inayobaki ni faida.

Familia inayonunua robo kila siku kwa siku 30 hulipa shilingi 25,500 kwa kilo 7 na nusu. Kwa bei ya kilo ingelipa shilingi 22,500. Tofauti ni shilingi 3,000, yaani thamani ya kilo nzima ya sukari ambayo haikufika nyumbani. Anayeumia zaidi ni mwenye kipato cha kutwa, asiyeweza kutoa fedha ya kilo kwa mara moja.

Sheria inasemaje?

Kuuza kwa faida si kosa. Hapa Tanzania, bei za bidhaa nyingi hupangwa na soko. Kwa petroli na dizeli, EWURA hutangaza bei kikomo. Kinachokatazwa ni udanganyifu: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei ya bidhaa.

Kabla ya kulipa, unashauriwa:

1. Kuzidisha bei ya robo kwa nne, kisha kulinganisha na bei ya kilo.
2. Kushirikiana na jirani kununua kilo nzima na kugawana, pale fedha isipotosha.
3. Kuhakikisha mizani inaanzia kwenye sifuri na ina stika ya Wakala wa Vipimo.
4. Kudai risiti na kuitunza, kwa kuwa ndiyo ushahidi wako endapo utalazimika kulalamika.