Lenzi za kulala nazo: Je, ni salama kwa macho ya vijana?

Mzazi jijini Kampala ambaye mtoto wake hayaoni maandishi ya ubaoni kwa kawaida hufikiria miwani. Ipo pia njia nyingine: lenzi ngumu zinazopitisha oksijeni, ambazo kijana huzivaa anapolala na kuzivua asubuhi, kisha akaona vyema kutwa bila miwani.

Zinafanyaje kazi?

Kwa kijana asiyeona mbali, jicho aghalabu huwa limerefuka kupita kiasi, na taswira hutua kabla ya kufika kwenye retina. Usiku kucha lenzi huisawazisha sehemu ya katikati ya konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho. Badiliko hilo ni la muda tu; akiacha kuzivaa, uoni hurejea ulivyokuwa baada ya siku au wiki chache.

Marekani iliidhinisha matumizi ya usiku mwaka 2002. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2012 ulibaini kwamba, katika miaka 2, macho ya watoto waliozivaa yalirefuka kwa kasi iliyopungua kwa asilimia 43 kuliko ya waliovaa miwani ya kawaida.

Hatari iko wapi?

Hatari kubwa ni maambukizi ya konea, yanayoweza kuacha kovu na kupunguza uoni daima. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 ulikadiria visa takriban 14 kwa kila watoto 10,000 wanaozitumia kwa mwaka mmoja. Ni visa vichache, lakini kila kimoja kinaweza kugharimu jicho.

Adui mkuu ni maji. Vimelea aina ya akanthamiba huishi hata katika maji ya bomba, na tiba yake huchukua miezi mingi. Kwa hiyo lenzi na kikasha chake havioshwi kwa maji ya bomba wala ya mtungi, hata yakiwa yamechemshwa. Hutumika dawa maalumu ya lenzi pekee.

Hapa ndipo mzazi wa Uganda anapaswa kutafakari. Kijana aliye shule ya bweni atanawa mikono wapi kila usiku? Dawa ya lenzi ikiisha katikati ya muhula, nani atampelekea? Ikiwa hakuna majibu ya uhakika, miwani ndiyo salama zaidi kwake.

Dalili zikitokea

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likichukia mwanga au uoni ukififia, lenzi ivuliwe na kijana afikishwe kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, akiwa na lenzi pamoja na kikasha chake. Ikiwa lenzi imeganda jichoni, asiivute kwa nguvu. Atie kwanza matone ya kulainisha.

Asitiwe dawa za miti shamba wala matone yaliyonunuliwa bila kupimwa. Utafiti uliofanywa Mbarara miongoni mwa wagonjwa 313 wa maambukizi ya konea, ambao wengi wao walikuwa wakulima, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu walikuwa wametumia dawa za kienyeji, na wengi walifika hospitalini wakiwa wamechelewa.

Lenzi hizi si za kununuliwa dukani kama miwani ya jua. Konea hupimwa kwanza, lenzi hutengenezwa kwa kipimo cha jicho husika, na kijana hurudi kuchunguzwa mara kwa mara. Palipo na ufuatiliaji huo na usafi usiolegezwa, faida yake ni ya kweli. Pasipo na hayo, ni heri kungoja.