Kuutunza Ubao wa Pinboli

Ajuaye keramu hatapata taabu kuielewa pinboli. Ni meza yenye miguu minne, imeinama kidogo kumwelekea mchezaji na kufunikwa kwa kioo. Gololi ya chuma huteremka juu ya ubao uliopambwa kwa picha na taa, na mchezaji huirudisha juu kwa mikono midogo ya umeme. Mikono hiyo ilianza kutiwa mwaka 1947 na kampuni ya Gottlieb ya Chicago, Marekani, mji uliovuma kwa kazi hii. Mashine za zamani zatafutwa sana siku hizi, na jambo la kwanza atazamalo mnunuzi ni ubao. Taa iliyoungua hubadilishwa kwa dakika moja. Lakini picha ikisha kulika mpaka mbao ikaonekana, hairudi ila kwa mkono wa fundi rangi.

Ni kitu gani kiilacho? Wengi huilaumu gololi, kwa kuwa ina uzito wa gramu 80 hivi. Lakini gololi laini juu ya ubao safi haidhuru sana. Mharibifu ni vumbi. Pete za mpira zilizomo husagika zikatoa unga mweusi, na gololi ikipita juu ya unga huo huusugua ubao kama msasa. Gololi yenye kutu au mikwaruzo ni mbaya zaidi. Itupe, ununue mpya, maana bei yake ni ndogo.

Ukitaka kusafisha, zima umeme, ondoa kioo na gololi, kisha zoa vumbi kwa brashi laini. Usimwage maji kabisa! Ubao ni plaiwudi, nayo ikinywa maji hufura, rangi ikabanduka, hasa kandokando ya vile vioo vya plastiki vilivyopachikwa juu ya taa. Tumia dawa ya kung'arishia plastiki, kidogo tu, kwa kitambaa cha pamba. Spiriti huondoa uchafu sugu, lakini vanishi ya zamani yaweza kuyeyuka. Basi ijaribu kwanza mahali palipofichika. Mbao za tangu mwisho wa miaka ya 1980 nyingi zina ngozi ngumu zaidi, nazo huvumilia.

Mbao nyingine zilibandikwa karatasi angavu ya plastiki iitwayo Mylar. Kama imeshika vizuri, iache. Watu wenye haraka wameibandua, na picha ikatoka pamoja nayo.

Mwisho paka nta ngumu ya kanauba, itokanayo na majani ya mti wa jamii ya mnazi huko Brazil. Ipake nyembamba, ingoje ikauke, kisha isugue mpaka ing'ae. Usishangae mchezo ukiwa mgumu kuliko jana: juu ya nta gololi hukimbia mno.