Uwanja wa Shule Si Uwanja wa Ndege

Msimu wa kampeni unapowadia, anga ya Kisii na Nyamira hujaa ngurumo zisizo za radi. Helikopta za wanasiasa huvuka vilima na kutua katika viwanja vya shule, nayo masomo hukatizwa papo hapo. Wanafunzi humiminika nje, na mara nyingi sisi walimu tunawafuata. Wengi huiona hiyo kuwa burudani ya bure. Mimi naiona kuwa hatari ambayo bado haijapata wa kuidhibiti.

Sababu ya kuchaguliwa kwa viwanja hivyo si ngumu kuielewa. Ardhi ya Gusii ni ya miinuko, nayo imegawanywa kuwa vishamba vya chai na migomba. Katika sensa ya 2019, kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya 900 katika kila kilomita mraba. Kiwanja kidogo cha ndege kipo Suneka, lakini mwanasiasa hutaka kushukia penye umati. Mahali tambarare palipo wazi huwa ni pale watoto wanapochezea kandanda.

Serikali haikukaa bure. Mamlaka ya Usafiri wa Angani iliundwa Oktoba 2002, ikakabidhiwa kazi ya kutoa leseni kwa marubani na kukagua ndege na kampuni zake. Hata hivyo, miezi mitatu baadaye, tarehe 24 Januari 2003, ndege iliyowabeba mawaziri kutoka sherehe huko Busia iligonga nyaya za umeme mara tu baada ya kupaa. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, na marubani wawili walifariki. Funzo ni kwamba cheti kilichotiwa sahihi Nairobi hakiondoi nyaya zilizoko kijijini. Ukaguzi hauna budi kufika hadi pale chombo kinapogusa ardhi.

Helikopta nayo ina hatari zake. Pangaboi dogo la mkiani huzunguka kwa kasi hata lisionekane, na upepo wa lile kubwa huweza kurusha mawe na vipande vya mabati. Isitoshe, mawingu ya mvua hutanda Gusii nyakati za alasiri, ilhali mheshimiwa ana mikutano mingine mitatu. Kisheria, rubani ndiye mwenye kauli ya mwisho. Lakini ni marubani wangapi watakaomkatalia anayewalipa?

Sisemi kwamba helikopta zipigwe marufuku. Huenda siku moja ikamwokoa mgonjwa aliyekwama penye barabara mbovu. Ninachodai ni utaratibu: mwalimu mkuu aarifiwe mapema kwa maandishi, naye awe na uwezo wa kukataa, polisi wauzingire uwanja, na pasiwe na kutua wakati wa masomo. Aidha, wakaguzi wa Mamlaka waje mashambani msimu wa kampeni, wasingoje kuja kuhesabu mabaki.

Walimu wenzangu, hadi hayo yatimie, tuwazuie wanafunzi madarasani mpaka pangaboi litulie kabisa. Nanyi wanafunzi, msione haya kubaki vitini. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi, hata akiwa anatoka juu.