Tathmini rika: Mwanafunzi aeleze mchoro kabla ya kuuhukumu

MWALIMU wa sanaa anapowataka wanafunzi wahakiki michoro ya wenzao, majibu mengi huwa ya neno moja: “Imeweza”, “poa”, “mbaya”, au kicheko tu. Hiyo si tathmini. Ni hukumu isiyo na ushahidi, na mtoto aliyechora ndiye huibeba hadi nyumbani. Akichekwa mara mbili tatu, ataanza kusema hajui kuchora.

Mtaala wa umilisi unahimiza tathmini rika, yaani wanafunzi kutathminiana. Tatizo ni kwamba darasani mara nyingi hugeuzwa kuwa zoezi la kugawa alama. Rafiki humpa rafiki alama za juu, naye mgeni wa darasa akaambulia patupu.

Edmund Burke Feldman, mtaalamu wa elimu ya sanaa nchini Marekani, alipendekeza hatua nne za kuhakiki kazi ya sanaa: kueleza kinachoonekana, kuchanganua kilivyopangwa, kufasiri maana, kisha kutoa uamuzi. Uamuzi huja mwisho. Wanaofundisha ushairi hawatashangaa, kwa kuwa hakuna mhakiki makini anayemhukumu mshairi kabla ya kutazama beti na mizani.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Gredi ya Tano aliyechora kituo cha matatu. Mwenzake anasema, “Hii gari ya nyuma iko kubwa sana.” Mwalimu asikimbilie kusahihisha sarufi, hayo yana kipindi chake. Amuulize, “Umejuaje kwamba iko nyuma?” Mtoto atatazama tena na kujibu, “Kwa sababu iko juu kwa karatasi, na barabara imekuwa nyembamba.” Tayari amechanganua. Kutoka hapo ni rahisi kwake kupendekeza kwamba gari hilo lingechorwa dogo zaidi, lingeonekana kuwa mbali.

Lugha yenyewe inaweza kuumiza au kusaidia. Linganisha “Umepindisha barabara” na “Barabara imepinda hapa.” Katika sentensi ya kwanza, kiambishi ‘u’ cha nafsi ya pili kinamnyoshea mtoto kidole. Katika ya pili, kiambishi ‘i’ cha ngeli ya I-ZI kinaelekeza macho ya wote kwenye karatasi. Wanafunzi wazoezwe kuifanya kazi iwe kiima cha sentensi.

Msamiati nao ufundishwe mapema: mstari, umbo, kivuli, mwangaza, nafasi, uwiano. Rangi ni mlango mzuri wa kuanzia. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine nyingi zimetajwa kwa vitu: kijani kwa majani, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda, manjano kwa bizari. Mwanafunzi anayesema kwamba anga ya mwenzake ina rangi ya maji ya tope, basi, hajakosea. Ameeleza vizuri kuliko aliyesema “rangi mbaya.”

Je, darasa la wanafunzi 60 litafanyaje haya kwa kipindi kimoja? Haliwezi kujadili michoro yote, wala si lazima. Michoro minne au mitano itundikwe kwenye kamba, majina yakiwa nyuma, na iliyobaki ijadiliwe katika vikundi vya watu watano. Vigezo viwe viwili tu, na viandikwe ubaoni kabla ya penseli kushikwa. Ikiwa somo lilihusu kivuli, unadhifu wa karatasi usiingizwe mwishoni kama mtego.

Mchoraji anyamaze kwanza, asikie wenzake wameona nini, kisha aeleze alichokusudia. Ana haki ya kukataa pendekezo mradi atoe sababu. Uamuzi wa iwapo amefikia matarajio au anayakaribia ubaki mikononi mwa mwalimu, nao utolewe baada ya mtoto kupewa nafasi ya kurekebisha mchoro wake.