"Kutu" na "Ulikaji"

Mafundi wa chelezo cha Mwanza Kusini hawahitaji kamusi ili kuijua kutu. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961 na kurejea majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, ni ya chuma. Nacho chuma kikikutana na maji na hewa hufanya unga mwekundu. Hapo fundi husema kwamba bati limeliwa na kutu, na kila mtu humwelewa.

Neno hilo latosha chelezoni, lakini halitoshi katika maandishi ya sayansi. Kutu, kwa maana yake ya kisayansi, ni ya chuma. Sufuria ya aluminiamu iliyolazwa na chakula chenye chumvi huweza kutoboka vitundu pasipo kuonyesha unga mwekundu hata chembe. Je, tendo hilo tuliiteje?

Tunapendekeza *ulikaji*: kuharibika kwa metali kwa kuingiliana kikemia na mazingira yake. Neno hili limetokana na kitenzi *la*, kwa kupitia *lika*, na lafuata usemi uleule wa mafundi. Basi kutu ni zao la ulikaji wa chuma. Si kila ulikaji huzaa kutu.

Mfano ulio wazi ni wa vinu vya nyuklia. Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia, lakini urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, imekwisha kuwaletea watumishi wetu maandishi ya fani hiyo. Kinuni, vidonge vya urani hutiwa katika mirija ya aloi ya zirkoni, ambayo unene wa ukuta wake haufiki milimita 1. Katika maji ya moto wa nyuzi 300 hivi za Selsiasi, oksijeni ya maji huungana na zirkoni ikafanya utando, na sehemu ya haidrojeni hupenya ndani ya metali na kuifanya ivunjike kwa urahisi. Ili kuuona ulikaji huo, watafiti hukata kipande chembamba mno na kukichunguza kwa *hadubini ya elektroni*, kwani hadubini ya nuru haiwezi kuonyesha mpangilio wa atomu.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la vinuni tu. Viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza hutumia vyombo vya chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho, kikikaa na kloridi, huweza kuchimbika au kupasuka huku uso wake ukingali unang'aa. Mfasiri akiandika "kagua kama pana kutu" mahali palipostahili "kagua kama pana ulikaji", mkaguzi atauona mng'ao, ataandika "salama", na kwenda zake. Kosa la neno moja litakuwa limepitisha bomba bovu.

Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya kazini, kisha watuletee maoni yao.