Chumvi katika damu inayopelekwa maabara

Wengi wetu tumewahi kutoa damu ikapelekwa maabara ya mbali, tukasubiri majibu siku nyingi huku tukinung'unika. Huenda hatujui kwamba kuna vipimo ambavyo damu haiwezi kuingizwa katika mashine kabla haijaondolewa chumvi.

Chumvi hiyo si uchafu. Maji ya dripu ya kawaida yana gramu 9 za chumvi katika kila lita, kusudi yakaribiane na maji ya damu yetu. Bila chumvi hatuishi. Lakini kwa mashine iitwayo spektrometa ya masi, chumvi ni adui.

Mashine hii ni mizani ya molekuli. Huzipa chaji ya umeme, huzirusha mahali pasipo hewa, na kwa mwendo wake hutambua uzito wa kila moja. Tuchukue mfano wa selimundu, ugonjwa unaotesa watoto wengi wa kwetu. Hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, ina nyuzi, na uzi mmojawapo, beta, una uzito wa 15,867 hivi, tukihesabu hidrojeni kuwa 1. Mwaka 1957 Vernon Ingram, huko Uingereza, alionyesha kwamba katika selimundu kipande kimoja tu cha uzi huo kimebadilika. Badiliko hilo hupunguza uzito kwa 30, ukabaki 15,837.

Sasa sodiamu ya chumvi ikijibandika hapo mahali pa hidrojeni, huongeza 22. Uzi wa ugonjwa unasomeka 15,859, umebakiza 8 tu kuufikia ule mzima! Potasiamu huongeza 38, ukaupita kwa 8. Mashine nzuri huweza kuona tofauti hiyo, lakini sodiamu haiji peke yake; hujibandika mbili, tatu, hata zaidi. Badala ya alama moja iliyo wazi mtaalamu huona vilima vidogo vidogo vimepandana, na mzazi anasubiri kuambiwa kama mwanawe ni mgonjwa.

Chumvi huondolewaje? Njia rahisi ni kuongeza maji safi mengi. Hemoglobini ni nyingi katika damu, hivyo huvumilia kuzimuliwa. Njia nyingine ni mfuko wa utando wenye matundu madogo mno: chumvi hupenya ikaenda majini, protini hubaki ndani. Wenye figo zilizoshindwa kazi husafishwa damu kwa kanuni hiyo hiyo. Iko pia njia ya mrija uliojazwa chembechembe zenye asili ya mafuta. Protini hunata humo, chumvi huoshwa kwa maji yenye asidi kidogo, kisha protini hubanduliwa kwa kimiminika kama alkoholi. Kazi hii yataka mkono mtulivu, maana ukiosha kwa pupa waweza kuipoteza protini yenyewe.

Katika hospitali zetu nyingi selimundu hupimwa kwa njia nyingine za gharama nafuu, na hizo pia zinaaminika.

Wengine hutuuliza kama waache chumvi chakulani kabla ya kupimwa. Kwa ajili ya mashine hii, hapana. Figo hulinda kiasi cha chumvi katika damu. Ila mgonjwa akiwa na dripu, damu isitolewe katika mkono huo. Maji ya dripu yakichanganyika nayo, hata vipimo vya kawaida vitatoa majibu ya uongo. Mwuguzi akisahau, mkumbusheni kwa upole.