Skrini Ikigeuka Nyeusi, Usichomoe Waya

Kompyuta tunazofundishia vikundi hapa Kisumu ni kuukuu. Tumeziwekea Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwa sababu hailipiwi.

Juzi mweka hazina wa kikundi cha akina mama kutoka upande wa Dunga alikuwa akiingiza marejesho ya mikopo. Alitaka kufunga dirisha moja kwa Alt na F4. Vidole vikateleza, akabonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja. Mara picha zote zikatoweka, ikabaki skrini nyeusi na neno "login". "Woi, nimeua mashini!" akasema, akachomoa waya. Alipoiwasha tena, kazi ya asubuhi nzima haikuwepo.

Tuelewane: hasara hiyo haikuletwa na skrini nyeusi, ililetwa na kuchomoa waya.

Linux ni kama nyumba yenye vyumba kadhaa. Kimoja kina picha na madirisha. Vingine vina maandishi matupu, ambamo fundi huingia kurekebisha mambo picha zikikwama. Ukitoka sebuleni kwenda jikoni, chai uliyoiacha mezani bado ipo. Kazi yako pia bado ipo. Kilichobaki ni kurudi.

Fanya hivi:

1. Shika Ctrl na Alt, kisha bonyeza F2. Tangu Ubuntu 17.10 ya Oktoba 2017, kwa kawaida kazi yako iko F2, na F1 ni mlango wa kuingilia tu. Kwa hiyo F1 ikikuuliza nywila, usidhani kazi imepotea.

2. Kama mashini yako ina Ubuntu ya kabla ya hapo, bonyeza F7 badala ya F2. Ukiwa hujui ni ipi, jaribu moja moja, F1 hadi F7.

3. Kwenye laptopu, vitufe vya F huenda vikaongeza sauti au mwanga tu. Hapo shika pia kitufe cha Fn.

4. Bado imekataa? Pale penye "login" andika jina lako, kisha nywila. Herufi za nywila hazionekani, hata nyota hazitokei. Si kwamba kibodi imekufa. Ukishaingia, andika sudo chvt 2 ubonyeze Enter. Itakuuliza nywila tena, na mwenye ruhusa ya usimamizi ndiye atakayekubaliwa.

5. Ukirudi ukute giza tupu, ngoja kidogo. Likiendelea, ita mwalimu kabla ya kugusa waya.

Na stima yetu tunaijua. Kila baada ya mistari michache bonyeza Ctrl na S, kazi ihifadhiwe.

Yule mama aliandika upya yote kutoka kwenye daftari la karatasi. Lisingekuwepo, nani angejua ni nani amelipa na nani bado? Pesa za watu ni jasho lao. Basi daftari lisitupwe, na kabla ya kuchomoa waya, jaribu vitufe vitatu.